Mapinduzi ya Oktoba yaliyotokea Novemba: tarehe iandikweje?

Swali: Nafundisha historia sekondari. Mwanafunzi mmoja kaandika "mapinduzi ya mwezi wa Oktoba" ya Urusi, mwingine "Mapinduzi ya Novemba". Yupi kapata? Na Kasri la Majira ya Baridi, makao ya serikali iliyopinduliwa, lilitekwa usiku wa tarehe 7 au wa tarehe 8?

Jibu: Mwalimu, wasahihishe wote wawili. Mapinduzi ya Oktoba ni jina la mapinduzi yaliyowapa Wabolsheviki wa Lenin madaraka Urusi, na halibadiliki kwa kuwa kalenda imebadilika. Liandikwe kwa M kubwa, bila kuchomekwa "mwezi" katikati. Anayeandika "mapinduzi ya mwezi wa Oktoba" ameacha kutaja jina, anaeleza yalitokea lini, na kwa kalenda yetu ya leo maelezo hayo si kweli. Andika hivi: "Mapinduzi ya Oktoba yalitokea tarehe 7 Novemba 1917, yaani 25 Oktoba kwa kalenda ya zamani ya Urusi."

Usiandike "7 Novemba au 25 Oktoba". Hiyo "au" humfanya msomaji adhani wanahistoria wanabishania siku. Siku ni moja, Jumatano, ila ina tarehe mbili.

Papa Gregory XIII aliporekebisha kalenda ya Julius, ndiyo hiyo ya zamani ya Urusi, mwaka 1582 na kuleta kalenda ya Gregory tunayoitumia leo, Hispania, Ureno na sehemu kubwa ya Italia walilala Alhamisi tarehe 4 Oktoba wakaamka Ijumaa tarehe 15. Uingereza iligoma hadi 1752, ambapo 2 Septemba ilifuatwa na 14 Septemba. Urusi ilingoja hadi 1918: baada ya 31 Januari ikaja 14 Februari. Kitenzi kinachofaa hapa ni "kurukwa": tarehe zilirukwa. "Siku zilipotea" hupotosha, kwa sababu hakuna aliyepungukiwa na siku hata moja ya kuishi, na juma liliendelea kwa mpangilio wake. Ndiyo maana nasita pia juu ya kile kisa kinachopendwa cha Waingereza kufanya ghasia wakidai warudishiwe siku zao 11. Wanahistoria waliokichunguza hawakupata ushahidi wa ghasia hizo. Dai lenyewe linaonekana kwenye bango lililomo katika mchoro wa William Hogarth wa mwaka 1755, ambao unakejeli uchaguzi.

Kosa linalowanasa wengi ni kuongeza siku 13 kwa kila tarehe ya Urusi. Siku 13 ni za kuanzia Machi 1900. Karne ya 19 huongezwa 12, karne ya 18 huongezwa 11, na kabla ya hapo, tangu 1582, ni 10. Pengo hukua kwa sababu kalenda ya Julius iliihesabu 1700, 1800 na 1900 kuwa miaka mirefu, yenye 29 Februari, na ya Gregory haikufanya hivyo. Kwa hiyo uasi wa maofisa mjini St. Petersburg wa 14 Desemba 1825 unakuwa 26 Desemba. Ukiandika 27 umekosea. Mapinduzi ya Februari, yaliyomwondoa mfalme wa Urusi, nayo yalianza 23 Februari 1917, ambayo ni 8 Machi: wanawake wa viwanda vya nguo vya Petrograd (jina la St. Petersburg wakati huo) waliacha kazi Siku ya Wanawake. Mfano huo wanafunzi hawausahau.

Sasa usiku. Mawaziri wa serikali iliyopinduliwa walikamatwa ndani ya Kasri mnamo saa nane usiku, baada ya ile Jumatano. Ukiandika "usiku wa Alhamisi", msomaji wa pwani atakuelewa vizuri, maana kwake siku huanza jua linapotua, na usiku wa Ijumaa huingia Alhamisi magharibi. Msomaji wa bara huenda akaelewa usiku unaofuata mchana wa Alhamisi. Kiswahili kimeshatupa neno la kuondoa utata huo, "kuamkia", na ndilo tunalolitumia tunaposema Mapinduzi ya Zanzibar yalianza usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 12 Januari 1964. Basi mwanafunzi aandike: "Kasri lilitekwa usiku wa Jumatano tarehe 7 kuamkia Alhamisi tarehe 8 Novemba 1917."