Ulizeni homa ilianza lini

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya ufuatiliaji wa virusi, hapa Entebbe au huko wilayani, karibuni. Kuvaa glavu, kuvua gauni bila kujigusa, kufunga sampuli kwa tabaka tatu, hayo mtafundishwa vizuri. Ninalowaomba mimi ni kutoharakisha sehemu moja ya fomu: tarehe dalili zilipoanza.

Kwa Ebola, siku tatu za kwanza virusi kwenye damu vinaweza kuwa vichache hata PCR, kipimo cha maabara kinachotafuta vinasaba vya virusi, isivione. Sampuli ya mapema ikirudi safi, mgonjwa bado ni mshukiwa. Atatolewa damu tena saa 72 zikishapita tangu aanze kuumwa. Na kwa kuwa anaanza kuambukiza dalili zikitokea, tarehe hiyo ndiyo inayotuambia nani wa kufuatiliwa kwa siku 21.

Mwaka wangu wa pili nilipokea fomu iliyoandikwa Jumamosi. Ilikuwa siku ya kufika kituoni. Dada mmoja aliyenitangulia kazini akanilazimisha nipige simu. Mama wa mgonjwa hakujua tarehe, ila alikumbuka kijana alirudi sokoni akilalamika kichwa, na soko lao ni Jumanne. Siku nne alikuwa ameogeshwa na kulishwa nyumbani, na hakuna hata mmoja wa waliomhudumia aliyekuwa kwenye orodha yangu. Damu ya pili nayo ilitoka safi, namshukuru Mungu, lakini usiku ule sikulala.

Kwa hiyo usimuulize mtu "tarehe ngapi?" Msalimie kwanza, umpe pole, kisha uliza: ilikuwa kabla ya soko au baada? Ijumaa aliweza kwenda kuswali? Kwenye mazishi ya jirani alikuwepo? Kiswahili kitawafaa kwa madereva wa malori na wafanyabiashara wa mpakani. Kijijini mwombeni mhudumu wa afya wa kijiji aulize kwa lugha ya nyumbani. Na kipimo cha malaria kikisema ndiyo, endeleeni kuuliza, maana mtu anaweza kuwa na malaria na Ebola kwa pamoja.

Kirusi cha Zika kilipatikana hivyohivyo. Mwaka 1947, watafiti wa homa ya manjano waliweka tumbili kwenye vizimba katika msitu wa Zika, kando ya barabara ya Kampala, wakawapima joto kila siku. Mmoja alipopata homa wakamtoa damu, na ndani yake mkawa na kirusi ambacho hakikuwa kimejulikana. Wale watafiti walijua siku homa ilipoanza kwa sababu waliandika hata zile siku ambazo tumbili alikuwa mzima.