Wasomaji Wanauliza: Magari ya Kale Yanayovuka Mabara

Safu ya mwezi huu inajibu barua nne kuhusu mbio za masafa marefu za magari ya kale, yaani mashindano ambayo magari yaliyoundwa miaka hamsini, sabini au hata mia moja iliyopita huvuka nchi nyingi kwa majuma kadhaa.

Ndugu Mhariri, nimesikia kwamba mbio za kutoka Beijing hadi Paris zilianza zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Wakati huo barabara zilikuwa wapi, na petroli waliipata wapi? – Msomaji, Morogoro

Ndugu msomaji, ulichosikia ni kweli, na barabara unazoziulizia kwa sehemu kubwa hazikuwapo. Mwezi Januari mwaka 1907 gazeti la Le Matin la Paris lilitoa mwito kwa yeyote atakayekubali kuendesha gari kutoka Peking, kama Beijing ulivyoitwa wakati huo, hadi Paris. Tarehe 10 Juni mwaka huohuo magari matano yaliondoka: Itala la Mwanamfalme Scipione Borghese wa Italia, De Dion-Bouton mawili, Spyker moja la Kiholanzi, na Contal dogo la magurudumu matatu. Milima iliyo kaskazini mwa Peking haikupitika kwa nguvu ya injini, kwa hiyo vibarua na wanyama waliyavuta magari kwa kamba katika njia za mawe. Jangwa la Gobi walilivuka kwa kufuata nguzo za telegrafu, na petroli ilikuwa imetangulizwa kwa misafara ya ngamia na kuhifadhiwa vituoni. Mwandishi wa habari Luigi Barzini, aliyesafiri na Borghese, alituma taarifa zake kutoka katika vituo vya telegrafu vya njiani. Contal lilikwama Gobi likaachwa huko, na waliokuwamo waliokolewa wakiwa hoi kwa kiu.

Sehemu ya kisa hiki inayostahili kukumbukwa zaidi ya nyingine zote, kwa maoni yangu, ni yaliyotokea Siberia na Urusi. Daraja la mbao lilivunjika chini ya Itala, na gari likaanguka kinyumenyume. Walilinyanyua, fundi Ettore Guizzardi akalikagua, na safari ikaendelea. Baadaye gurudumu moja, ambalo kama magurudumu mengi ya enzi hizo lilikuwa la mbao, lililegea likavunjika, na seremala wa Kirusi aliyezoea kuunda mikokoteni na sleji alilijenga upya kwa shoka. Gurudumu hilo lilibeba gari. Borghese aliingia Paris tarehe 10 Agosti, miezi miwili kamili tangu aondoke, ingawa alikuwa amechepuka kutoka Moscow hadi St Petersburg kuhudhuria karamu. Magari matatu yaliyosalia yalifika takriban siku ishirini baada yake. Itala hilo limehifadhiwa katika jumba la makumbusho la magari mjini Turin.

Ushindi huo husimuliwa kana kwamba ulikuwa wa mwanamfalme peke yake. Borghese alipanga safari kwa uangalifu mkubwa, na sifa hiyo ni haki yake. Lakini bila Guizzardi na bila seremala yule ambaye wengi hawamtaji, gari lisingefika.

Bwana Mhariri, mimi ni fundi wa magari. Gari la miaka ya 1930 au 1960 linawezaje kuhimili kilomita 15,000 za jangwa na milima, wakati magari mapya tunayoyapokea gereji hushindwa na barabara za kawaida? – Fundi, Mombasa

Fundi, jibu fupi ni kwamba gari la kale nalo huharibika, tena mara nyingi, lakini huharibika kwa namna ambayo mtu mwenye spana, waya na akili timamu anaweza kuishughulikia kando ya njia. Springi za bamba zikikatika, mhunzi wa mji mdogo anaweza kufua bamba jingine. Fremu ikipata ufa, mchomeleaji yeyote ataiunga. Distributa, inayogawa umeme wa cheche, na kabureta, inayochanganya petroli na hewa, hufunguliwa, husafishwa na kurudishwa bila kompyuta. Gari la kisasa ni imara zaidi kwa kila kipimo, ila kitambuzi chake kimoja kikifa katikati ya Mongolia, hakuna wa kukitengeneza hapo, na safari husimama mpaka kipuri kiletwe.

Yapo matatizo ambayo wenye magari haya huyatarajia. La kwanza ni joto. Petroli katika bomba na pampu hugeuka mvuke, pampu hushindwa kuisukuma, na injini huzimika. Dawa ya zamani ni kufunika pampu kwa kitambaa kilicholowa maji, na dawa ya kudumu ni kulihamisha bomba mbali na ekzosi. La pili ni mwinuko. Katika njia za juu sana, kwa mfano Tibet, ambako mbio za Beijing hadi Paris zilipita zilipofufuliwa mwaka 1997, hewa ni nyepesi, mchanganyiko wa kabureta huzidi petroli, gari hutoa moshi mweusi na kupoteza nguvu. Fundi mwenye busara hubeba jeti ndogo za kubadilisha, yaani vitundu vya kupitishia petroli ndani ya kabureta. La tatu ni ubora wa petroli, na hapa magari ya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia huwa na nafuu, kwa kuwa mgandamizo wa injini zao ni mdogo na huvumilia petroli duni ambayo ingeifanya injini ya gari la michezo la miaka ya 1960 igongegonge.

La nne ni vumbi na mitikisiko, na ndilo linalowatoa wengi. Shokapu hupata moto mpaka mafuta huvuja, bolti hulegea, tangi hutoboka. Timu zinazofika mwisho ni zile ambazo kila jioni, kabla ya kula, huingia chini ya gari kukaza bolti moja baada ya nyingine. Mwaka 1997 walioshinda walitumia Jeep ya kijeshi ya Willys ya mwaka 1942, gari lisilo na fahari yoyote, ambalo liliundwa tangu mwanzo litengenezwe na askari kwa zana chache. Matokeo hayo hayakunishangaza hata kidogo.

Mheshimiwa Mhariri, mshindi hupatikanaje? Gari la mwaka 1925 litashindanaje na la mwaka 1972? – Msomaji, Kampala

Mashindano mengi ya aina hii hayapimi nani amekimbia zaidi, hasa kwa sababu hutumia barabara za umma. Timu hupewa kitabu cha njia na mwendo wa wastani wa kufuata katika sehemu fulani. Kufika mapema huadhibiwa kama kuchelewa, na vituo vya ukaguzi hufichwa ili dereva asiweze kurekebisha muda wake mwishoni. Kwa hiyo msoma ramani ana uzito uleule wa dereva. Aidha, magari ya kabla ya vita huwa na kundi lao, na ya baada ya vita la kwao.

Mbio za East African Safari Classic, zilizoanza mwaka 2003 kuadhimisha miaka hamsini ya Safari Rally ya kwanza, ni tofauti, kwa maana zina sehemu za kushindania kasi. Huko madereva waliokuwa mabingwa wa dunia, Björn Waldegård na Stig Blomqvist, walirudi na kushinda wakiwa na umri ambao wengi huwa wamestaafu, na Mkenya Carl Tundo alishinda mwaka 2017 kwa gari la Triumph TR7.

Shikamoo Mhariri. Marehemu babu ametuachia Peugeot 404 ya mwaka 1967, imesimama uani kwa miaka mingi. Je, inaweza kuingia mbio kama hizi, au tuiuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu? – Msomaji, Moshi

Marahaba. Nakuomba kwa dhati msiiuze kwa uzito wa chuma. Aina hiyo ilishinda Safari Rally mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1966 na 1967 mshindi aliyeiendesha alikuwa Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Tanzania. Gari la babu yenu limeundwa mwaka uleule wa mmoja wa ushindi huo, na barabara zilizoipa 404 sifa zilikuwa za ukanda wetu huu.

Kwa umri linakubalika bila shaka, kwa kuwa shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, huanzia miaka 30. Kanuni za kila shindano ni jambo jingine na hubadilika, kwa hiyo zisomeni kabla ya kununua chochote. Gharama msizifumbie macho: ada ya kushiriki Beijing hadi Paris pekee ni makumi ya maelfu ya pauni za Kiingereza. Kama gari litavuka mipaka ya nchi nyingi, litahitaji pia hati ya forodha iitwayo carnet, ambayo hutolewa kupitia vyama vya magari na inamdhaminia mwenye gari kwamba hataliuza huko bila kulipa ushuru. Mipaka yenyewe nayo hugeuka. Mwaka 2024 waandaaji wa Beijing hadi Paris waliziacha Mongolia na Urusi kwa sababu ya vita vya Ukraine, wakapitia Kazakhstan na kuvuka Bahari ya Kaspi.

Anzeni nyumbani. Msiwashe injini kabla ya kumwaga petroli kuukuu, kusafisha tangi, kutia oili mpya na kuizungusha kwa mkono muone kama haijakamata. Kagueni kutu chini ya sakafu na pale springi zinaposhika bodi, kwa sababu injini hufufuliwa kwa urahisi kuliko bodi iliyooza. Badilisheni mipira yote ya breki hata kama inaonekana nzima. Mkishauriwa kuweka injini ya Kijapani kwa sababu vipuri vyake ni rahisi, kataeni. Namba za injini na bodi zikilingana na kadi ya gari, thamani yake iko hapo, na waandaaji watazikagua. Tafuteni fundi mzee aliyewahi kuzifungua 404 zilipokuwa teksi na magari ya abiria, na mumwombe afanye kazi akiwa na kijana pembeni yake. Likishatembea kutoka Moshi hadi Tanga na kurudi bila kuvutwa, niandikieni tena, nami nitawaeleza jinsi ya kuomba hati zake.