Mumeo amezama kwenye nyota? Mjengeeni benchi

Msomaji mmoja ameniandikia juma hili. Mume wake amepata darubini ya macho mawili, na tangu hapo kila usiku wenye anga safi yuko nje, shingo juu, peke yake. Yeye na watoto wanabaki ndani, kila mmoja na simu yake. "Dada, nikisema naonekana mgomvi, nikinyamaza naumia. Nifanyeje? Nimefikiria nimtengenezee kitu kwa siri, labda atatukumbuka."

Mdogo wangu, hayo nimeyaishi. Mume wangu ni mtu wa nyota tangu kabla hatujaoana. Kwa muda mrefu nilikuwa nalaza watoto, nazima taa, kisha nachungulia dirishani namwona kasimama gizani, na moyo unaniuma. Si kwamba alikuwa anafanya baya. Mtu anayekesha uani kwake akitazama mbingu hajamkosea yeyote. Kilichoniuma ni kwamba furaha yake kubwa ilikuwa hatua chache tu kutoka mlangoni, na mimi sikuwa na sehemu ndani yake.

Maneno ya ndugu nayo hayakukosekana. Shemeji yangu mmoja alisema mbele ya watu kwamba baba mzima kukesha anahesabu nyota ni dalili ya kukosa kazi. Mume wangu alitabasamu tu. Mimi neno lile halijanitoka mpaka leo, na ninaliandika kwa sababu najua wengi wenu mna shemeji wa namna hiyo.

Usiku mmoja nikatoka nikasimama naye. Akanipa darubini, akanionyesha sayari ya Mshtarii. Nuru ilirukaruka, ikatokea upande huu ikapotelea ule, sikuona cha maana. Darubini yake imeandikwa 10x50, yaani inakuza mara 10, na vioo vyake vya mbele vina upana wa milimita 50. Ni nzuri kwa nyota, lakini inachokuza si nyota peke yake, inakuza na mtetemo wa mikono yako mara 10 vilevile. Na ina uzito wa karibu kilo moja. Ukiishika juu kwa dakika chache, mabega yanaanza kutetemeka hata kama una nguvu kiasi gani. Nikaegemea ukuta, nikabana viwiko kifuani, picha ikatulia. Duara dogo jeupe, na kando yake vinukta vimejipanga mstari mmoja. Hiyo ndiyo miezi inayouzunguka Mshtarii, ambayo mtaalamu wa nyota wa Italia, Galileo Galilei, aliiona Januari 1610. Nilisahau kupumua.

Hapo nikaelewa kwamba kilichotutenga na baba watoto hakikuwa nyota. Kilikuwa kiti. Huwezi kumwita mtoto atazame mbingu akiwa amesimama na shingo inamuuma. Atatazama mara moja kwa adabu, kisha atarudi ndani.

Mimi mbao nazijua. Rafu zetu, vitanda vya watoto, mlango wa stoo, vyote vimepita mikononi mwangu, na sioni haya kujisifu kwa hilo. Nikaamua tutajenga benchi la kutazamia nyota, na wajenzi watakuwa watoto.

Tulipeleka mbao kwenye karakana moja zikapigwe randa. Binti yangu, ndiye mkubwa, akaomba ashike ubao upande wa pili wa mashine. Fundi akamwambia akae pembeni na mama yake asije akaumia, kisha akamwita mdogo wake wa kiume aje ashike yeye. Mdogo wake, ambaye hata mikono haikufika vizuri! Binti hakusema neno njia nzima ya kurudi. Sikumpa hotuba. Tulipofika nyumbani nilimpa msumeno.

Nilimwonyesha mara moja. Weka kifundo cha kidole gumba kando ya bapa, vuta msumeno kwako taratibu mpaka meno yajichimbie njia, kisha sukuma kwa urefu wote wa msumeno bila kukandamiza. Kata upande wa mabaki, si juu ya mstari, kwa sababu meno yenyewe yanakula kama milimita 2, na ubao utatoka mfupi. Alianza kwa woga, sauti ikawa ya kukwaruza na kukatikakatika. Baadaye mkono ukapata mwendo, sauti ikawa moja, ndefu, na unga wa mbao ukawa unamwagikia kiatu chake. Mdogo wake alishikilia kipande cha nje, kwa sababu kikiachwa kining'inie kitavunjika mwishoni na kuchana ubao. Kipande kilipoachia, binti akaweka guniya, kile kipimo cha pembe mraba, kwenye mkato, akafumba jicho moja kutafuta mwanga katikati. "Mama, hakuna nafasi." Kweli, haikuwepo.

Sasa kuhusu benchi lenyewe. Benchi la kawaida egemeo lake limelala kidogo tu, linafaa kwa mazungumzo. La nyota lazima lilale zaidi, letu ni kama nyuzi 130 kutoka kwenye kiti. Msikariri namba yangu. Sisi tuliegemeza ubao ukutani, kila mmoja akajilaza, tukausogeza mpaka shingo ikapumzika huku macho yako juu, ndipo tukapima. Mikono ya benchi ndiyo inayobeba viwiko, na viwiko ndivyo vinavyotuliza darubini, basi pimeni kimo chake mtu akiwa ameshika darubini machoni.

Jambo moja nawaomba mlizingatie kuliko yote: kadiri egemeo linavyolala, ndivyo uzito wa mtu unavyohamia nyuma. Miguu ya nyuma ikiishia chini ya kiti, mtu mzima akijiegemeza, benchi linapinduka naye. Miguu hiyo itokeze nyuma mpaka karibu chini ya kichwa cha aliyelala. Na kila fremu iwekeeni ubao wa mshazari, maana umbo la pembe nne hulegea likisukumwa lakini pembe tatu haibadiliki. Kuhakikisha fremu imekaa mraba hamhitaji kifaa cha ajabu: pimeni sentimita 60 upande mmoja na 80 upande wa pili, umbali kati ya alama hizo mbili uwe 100 kamili. Kwenye maungio yanayobeba uzito tumieni bolti na nati, skrubu zibaki kwenye mbao za kukalia.

Mtoto mdogo msimpe kazi ya kuigiza. Mtoto anajua anapopewa nyundo ya plastiki ili asisumbue. Wangu alipewa misumari minene ya milimita 5, akawa anaiweka katikati ya mbao za kukalia ili nafasi zilingane na maji ya mvua yapite. Bila yeye, dada yake hakuweza kufunga hata skrubu moja. Akapewa na msasa, namba 80 kwanza, kisha 120, kisha 180, daima kufuata nyuzi za mbao. Kusugua kunachosha, na siku nyingine alikataa kabisa. Tulimwacha, akarudi mwenyewe.

Skrubu zitobolewe njia kwanza kwa keekee. Kwa skrubu ya milimita 5 tundu la milimita 3 linatosha, na lisikaribie ncha ya ubao, vinginevyo ubao unapasuka. Miwani ya kukinga macho kwa kila mtu, na mama avae pia, wakuone. Mwisho pakeni mafuta ya kitani, hasa kwenye ncha za mbao, maana maji huingilia hapo haraka kuliko ubavuni, na miguu isimame juu ya mawe bapa, si kwenye udongo. Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani msivikunje na kuvitupa pembeni. Mafuta hayo yanapokauka hutoa joto, na vitambaa vilivyofinyangwa vinaweza kuwaka moto vyenyewe. Vitandazeni nje mpaka vikauke, au vitumbukizeni kwenye kopo la bati lenye maji.

Simu sikuzipiga marufuku. Giza ndilo lililozifukuza. Macho yanahitaji kama dakika 20 hadi 30 kulizoea giza ipasavyo, na mtu mmoja akiwasha kioo cha simu, wote mnaanza upya. Baada ya kukatishana hivyo mara kadhaa, binti yangu ndiye aliyetangaza kwamba simu zinabaki ndani. Tunatumia tochi tuliyoifunga kwa plastiki nyekundu, mwanga mwekundu hauharibu macho ya usiku sana. Mume wangu, mtu wa maneno machache, sasa anaongea mpaka namgusa bega kwamba watoto wana shule kesho.

Nasema haya kwa wazazi wote, si kwa dada huyu tu. Acheni kuwapigia watoto kelele za simu kama hamna kitu cha kuwapa badala yake. Acheni kumfanya mwenzenu mshtakiwa kwa sababu ana kitu anachokipenda. Mtu mwenye kitu anachokipenda ni neema ndani ya nyumba, nyinyi tafuteni mlango wa kuingilia. Kama ni samaki anavua, jengeni kasha la ndoano. Kama ni ndege anatazama, jengeni kibanda cha kujificha. Na binti zenu wapeni misumeno. Wasisubiri ruhusa ya fundi yeyote.

Mkishajenga, usiku wa kwanza msiuchague ovyo. Watu wengi huanza na mwezi mpevu wakidhani ndio mzuri, kumbe huo unawaka mno na hauna vivuli. Anzeni na robo ya kwanza, mwezi ukiwa nusu, mtazame pale mwanga unapopakana na giza. Mashimo yake yanaonekana yana kina. Kisha Kilimia, ambacho kwa macho matupu ni nyota sita au saba na kwa darubini ni makumi. Mshtarii ukiwepo, watoto wachore miezi yake kwenye daftari, warudie kesho yake. Watakuta imehama, kwa sababu mmoja wao, Io, huuzunguka Mshtarii kwa chini ya siku mbili. Pete za sayari ya Zohali msiwaahidi, darubini ya 10x50 haizionyeshi. Na darubini isielekezwe kwenye jua hata kwa sekunde moja, kwani jicho linaweza kupofuka papo hapo. Mchana ifungieni kabatini.

Sasa lile la kufanya kwa siri. Hapana, mdogo wangu, mwambie leo. Utamhitaji kwa kipimo cha egemeo, kwa sababu yeye ndiye atakayelilalia zaidi, na yeye ndiye anajua upande wa uwanja ambao taa za majirani hazifiki. Mtoke naye nje usiku, muuzungukie uwanja pamoja, na pale atakaposema "hapa", chomekeni kijiti.