Pacha wa Kioo Hawatenganishwi kwa Kukeneka

SWALI: Tumetengeneza 1-fenilethilamini maabara. Polarimita, kifaa kinachopima jinsi kemikali inavyouzungusha mwanga, inasoma sifuri, kwa hiyo tunajua tuna molekuli za kulia na za kushoto nusu kwa nusu. Tumekeneka mara tatu na usomaji uko palepale. Tunakosea wapi?

JIBU: Ukenekaji wenu hauna kasoro, njia yenyewe ndiyo haifai. Pacha hawa, yaani molekuli zilizo taswira ya kioo moja ya nyingine, huchemka pamoja, kwenye nyuzijoto 187 hivi za Selsiasi, na huyeyuka sawasawa katika methanoli. Moto haujui kulia wala kushoto. Tofauti yao huonekana wanapokutana na kitu ambacho nacho kina upande: soksi huingia mguu wowote, kiatu hukataa. Vipokezi vya puani vina upande, ndiyo maana pacha mmoja wa karvoni, kemikali ya harufu, hunukia mnanaa na mwenzake hunukia kisibiti.

Basi wapeni kiatu. Yeyusheni gramu 3.1 za asidi ya tartari ya (+), yaani pacha anayeuzungusha mwanga kulia, katika mililita 45 za methanoli, juu ya maji ya moto na ndani ya kabati la hewa, kamwe si kwenye moto wa wazi. Ongezeni gramu 2.5 za amini, yaani 1-fenilethilamini yenu, tone kwa tone. Mkimimina kwa pupa itafoka. Hapo huzaliwa chumvi mbili ambazo si taswira za kioo tena, na ile ya amini ya (−), inayouzungusha mwanga kushoto, huyeyuka kwa shida zaidi.

Funikeni, mwache saa 24 bila kutikisa. Mnachotaka ni fuwele nene zenye pande bapa. Zikitoka nyembamba kama sindano, pacha wote wawili wamenaswa: pasheni hadi ziyeyuke karibu zote, kisha poozeni polepole.

Chujeni, osheni kwa methanoli baridi kidogo, ongezeni hidroksidi ya sodiamu hadi pH ipite 12, kamueni amini kwa etha, mkaushe, mvukize etha. Zibeni chupa mara moja, kwani amini hii hunyonya kabonidioksaidi ya hewani na kufanya ukoko mweupe.

Mzunguko mahususi, yaani kiasi ambacho pacha safi huuzungusha mwanga katika vipimo vya kawaida, ni karibu −40°. Wengi hukosea hapa: mkipata −32° msiandike kwamba usafi ni asilimia 80. Hiyo 80 ni ziada ya pacha mmoja juu ya mwenzake. Pacha mnayemtaka ni asilimia 90, mwenzake 10. Kumsafisha zaidi, rudini kwenye chumvi mkaifanye fuwele upya.