Kwa nini seli itupe DNA yake yenyewe?

SWALI: Ndugu Mhariri, tumefundishwa kwamba kila seli huitunza DNA yake yote. Hivi karibuni nimesoma kwamba paramesiamu, yule yule tunayemchora darasani, hukata sehemu za DNA yake na kuzitupa. Je, ni kweli? Na hujuaje kipi cha kutupa? (Mwanafunzi wa kidato cha sita, Morogoro)

JIBU: Ni kweli. Paramesiamu na jamaa zake siliata, yaani viumbe wa seli moja wanaoogelea kwa vinyweleo, wana viini vya aina mbili ndani ya seli moja. Kiini kidogo huhifadhi DNA kamili kwa ajili ya kizazi kijacho, na jeni zake hukaa kimya karibu muda wote. Kiini kikubwa ndicho kinachoendesha maisha ya kila siku, nacho huwa na nakala 800 hivi za jeni zake.

Seli mbili zikishajamiiana, kiini kikubwa cha zamani husambaratika, na kipya huundwa kutokana na kiini kidogo. Hapo ndipo vipande takriban 45,000 huondolewa. Vingine vina herufi 26 tu za DNA na vimejipenyeza katikati kabisa ya jeni, kiasi kwamba mkato ukikosea hata kwa herufi moja, jeni hiyo huharibika. Asili yake inaaminika kuwa ni transposoni, yaani DNA inayohamahama na kujipachika itakapo. Jambo linalonistaajabisha kuliko yote ni kwamba kimeng'enya kinachovikata, ambacho watafiti wa Ufaransa walikieleza mwaka 2009 kwa jina la PiggyMac, nacho kimetokana na transposoni: mvamizi wa zamani amefugwa, akapewa kazi ya kuwaondoa wenzake.

Kuhusu swali lako la pili, kiini kidogo hutoa RNA (molekuli zinazonakiliwa kutoka DNA) fupi sana, za herufi 25 hivi, ambazo hupitishwa kwenye kiini kikubwa cha zamani kabla hakijatoweka, ili zilinganishwe na kilichomo. Zinazopata DNA ya kufanana nayo huzuiliwa humo. Zinazokosa huendelea hadi kiini kipya na kuonyesha mahali pa kukata. Njia hii haihusu vipande vyote, lakini ushahidi wake ni mzito. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1995, kipande kimoja cha kutupwa kilidungwa ndani ya kiini kikubwa cha paramesiamu. Wazao wake wakabaki nacho katika viini vyao vikubwa, ingawa DNA ya kiini kidogo haikuguswa. Yaani kizazi kipya kilifuata kile ambacho mzazi alikuwa nacho.

Mwalimu wako asilaumiwe, kwani kanuni aliyowafundisha inashika kwa viumbe wengi. Hata hivyo, si siliata peke yao wanaoivunja. Mwanabiolojia Mjerumani Theodor Boveri aliona kromatini, yaani DNA pamoja na protini zake, ikitupwa katika viinitete vya minyoo wa farasi tangu mwaka 1887, na minyoo aina ya Ascaris wanaoishi katika utumbo wa binadamu hufanya vivyo hivyo, isipokuwa katika seli zitakazozaa mayai na mbegu.