Wifi, maulidini hatufuati pilau

Wifi yangu, swali lako nimelisoma mara mbili kabla ya kushika simu kujibu. Uliziona picha zetu za maulidi, watoto na kanzu zao, ukumbi umejaa, ukauliza: kwa nini muendeshe gari saa mbili na kuchanga pauni za ukumbi, na Uingereza misikiti tele? Ukaongeza kwamba huko nyumbani Zanzibar wapo wanaosema tunafuata pilau na kuonyeshana nguo. Nakujibu kwa moyo mweupe, maana na wewe una watoto, na riziki haijulikani itakupeleka wapi.

Misikiti ipo, kweli. Sensa ya 2021 ilihesabu Waislamu milioni 3.9 England na Wales, na pale Woking upo msikiti uliojengwa tangu 1889. Lakini wa karibu na kwangu ni chumba juu ya duka, mawaidha ni ya Kiurdu, na wanawake hatuna pa kusalia. Siwalaumu wazee waliouanzisha, walijenga kwa walichokuwa nacho. Mume wangu huenda Ijumaa akipewa ruhusa kazini. Mimi na wasichana tunabaki nyumbani.

Huko kwetu mtaa ndio unaomlea mtoto katika dini, na wewe huuoni kwa sababu umo ndani yake. Adhana inamwamsha. Jioni yuko chuo cha Kurani, na mwalimu anamjua babu yake. Akila mchana wa Ramadhani barazani, mtu asiyemzaa atamkemea. Anafunga kwa sababu kila mtu kafunga. Huku hayo yote hayapo, limebaki neno la mama peke yake, na mtoto anashinda shule na watu ambao hawajawahi kulisikia.

Hata saa zenyewe ni nyingine. Zanzibar magharibi ni saa kumi na mbili na kitu mwaka mzima. London mwezi wa Desemba jua linazama kabla ya saa kumi, watoto ndio kwanza wanatoka shule. Mwezi wa Juni linazama saa tatu na dakika ishirini usiku. Ramadhani ya 2016 iliangukia Juni hiyo hiyo, tukifunga zaidi ya saa kumi na nane. Binti yangu mkubwa alikuwa na miaka tisa, akashika kwamba na yeye atafunga siku mbili tatu. Wenzake wakienda kula, yeye alikaa maktaba ya shule. Siku ya pili akarudi, akavua viatu mlangoni, akaniuliza: "Mama, tunafunga sisi tu?"

Ningemjibu nini? Nilimwambia Waislamu ni wengi duniani, akanitazama kama mtu aliyeambiwa habari za nchi asiyoijua.

Jumamosi ile tukaenda kufuturu na wenzetu wa darsa, Waislamu wa Kiswahili kama sisi, hao hao tunaosoma nao maulidi. Nilimkuta kwenye ngazi za ukumbi na wasichana watatu, mmoja wa Mombasa, wawili wazee wao wa Ngazija, wanahesabiana vidole: wewe umefunga ngapi, mimi nne, mimi mbili na nusu. Swali lile hakuniuliza tena. Maneno yangu yote hayakufanya kilichofanywa na wale watoto kwa robo saa.

Ukumbi wenyewe usiufikirie makubwa. Ni wa kukodi, viti vya plastiki, na saa ya kutoka ikifika lazima tuwe tumeshafagia. Ubani hatufukizi, king'ora cha moto kitalia na watu wote watolewe nje. Kwa hiyo bibi mmoja hupita safu kwa safu na mrashi wake, anatunyunyizia marashi mikononi, na wale vijana wa miaka kumi na sita wanaojifanya hawajali hunyoosha viganja kabla hajawafikia.

Kuna jambo jingine ambalo kwenye picha halionekani. Majira ya baridi yaliyopita alifariki mama wa Kipemba, mtu mzima, mwanawe ni mmoja tu na yuko nchi nyingine. Huku maiti haizikwi siku hiyo hiyo. Lazima hati ya daktari, ipitiwe na daktari mwingine, kifo kiandikishwe, ndipo makaburini wakupangie siku, na gharama ni maelfu ya pauni. Aliyepokea simu ya hospitali ni mwenzetu wa darsani. Ujumbe ulipotumwa kwenye kundi, usiku ule ule pesa za kaburi zilikuwa zimeshaanza kuingia, na wanawake wanne walikuwa tayari kumwosha. Mmoja wao ni mimi. Nilijifunza kuosha maiti hapo hapo kwenye darsa, huko nyumbani sikuwahi kwa sababu wakubwa walikuwapo.

Sasa na kasoro nikwambie. Masengenyo yapo. Wapo wanaosema maulidi ni bidaa, yaani uzushi katika dini, hawaji, na wengine tuligombana nao mpaka salamu zikakatika, jambo linaloniuma hadi leo. Kubwa zaidi ni lugha: shehe anasomesha kwa Kiswahili cha ndani, watoto waliozaliwa huku wanashika neno moja katika matano, mwisho wanainamia simu. Miaka tumelipuuza hilo. Mwaka jana tukawatengea saa yao, wanasomeshwa kwa Kiingereza, wanauliza hata yale wanayoogopa kutuuliza nyumbani. Anayewashika wadogo ni binti yangu yule, sasa mtu mzima.

Nguo tunavaa, sikatai, na pilau tunakula. Watoto wetu Idi nyingi huwakuta siku ya shule. Sheria inawaruhusu kukosa, rejistani wanaandikiwa herufi R, lakini baba yuko zamu kazini na nje mtaa mzima ni Jumanne ya kawaida. Wa kuwaandalia sikukuu yao ni sisi wenyewe, tukikutana Jumamosi inayofuata.

Yule bibi wa marashi mkono umeanza kutetemeka, na mrashi wake umepata ufa. Ukisikia mtu anakuja huku, ninunulie mmoja sokoni Darajani, wa shaba, na chupa mbili za marashi. Pesa nitakutumia.