Maswali ya Wasomaji: Mgeni wa Mazungumzo Kikundini

Toleo lililopita tulitaja kwa ufupi vikundi vya wanawake wenye asili ya Norwei walioko Marekani, ambao hukutana na kumwalika mtu awazungumzie jambo moja la mila, historia au ufundi wa nyumbani kwao. Barua zilizofuata zimetushangaza kwa wingi, nyingi kutoka Mtwara na Lindi. Dawati la vikundi linajibu chache.

Shikamooni. Kikundi chetu cha wanawake 28 hapa Lindi ni cha kuweka na kukopa. Sasa tumechoka kuhesabu pesa tu, tunataka mazungumzo ya mila na historia. Hao wenzetu wa Norwei wanafanyaje, na sisi tuanzie wapi? (Katibu wa kikundi, Lindi Mjini)

Marahaba. Mjue kwanza mnaiga nini. Chama cha Wana wa Norwei kilianza Minneapolis mwaka 1895, wahamiaji wakisaidiana katika ugonjwa na misiba, kwa hiyo chimbuko lao halikuwa mbali sana na mfuko wenu wa jamii. Wanawake walianzisha Mabinti wa Norwei hukohuko mwaka 1897, na mwaka 1950 tawi hilo likaungana na chama cha wanaume. Upande wa magharibi, Seattle, wanawake walianza chama chao mwaka 1905 kwa kikundi kilichoitwa Valkyrien, na hao wamebaki chama cha wanawake mpaka leo. Shughuli za wanachama zina wakati wake, mazungumzo na chai vina wakati wake. Hilo ndilo la kuiga. Mkichanganya marejesho ya mkopo na mgeni katika saa moja, mgeni atakaa akisikiliza nani anadaiwa nini, na mdaiwa hatakuja tena.

Sasa mada. Makosa mengi huanzia hapa: kikundi kinamwambia mgeni "tuzungumzie utamaduni wetu", naye anaanzia kwa Adamu. Kateni mada mpaka ibaki kipande kinachoshikika. Wanawake wa vikundi vile hawamwiti mtu aeleze "Norwei". Humwita aeleze bunad, vazi la sherehe ambalo kila eneo lina mtindo wake, au mshono mweupe wa Hardanger, au lefse, mkate mwembamba ambao mara nyingi hutengenezwa kwa viazi. Ninyi Lindi mna utajiri wa kutosha. Msiseme "mijusi ya Tendaguru". Semeni "wapagazi wa Tendaguru": kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba pale mifupa ya dinosaria, na watu wa huku wakaibeba kwa miguu hadi bandari ya Lindi, ikapakiwa melini kwenda Berlin. Mifupa ile imesimama makumbusho hadi leo, zaidi ya mita 13 kwenda juu. Nani aliibeba, alilala wapi njiani, alikula nini? Hayo ndiyo yanayomfanya mama wa kikundi aseme "babu yangu alikuwa akisimulia". Vivyo hivyo msiseme "vinyago". Semeni "jinsi ya kutofautisha mpingo halisi na mti mwepesi uliopakwa rangi ya viatu". Fundi atawaonyesha kwamba kipande cha mpingo huzama majini, na kwamba ukikwangua kidogo chini ya kitako cha kinyago cha bandia, weupe unatokea. Awaonye pia kwamba mpingo halisi nao una ganda jeupe upande wa nje, kwa hiyo weupe peke yake hautoshi. Uzito ndio shahidi mkubwa.

Baada ya mada, barua. Simu haitoshi, maana mgeni husahau na kikundi husahau. Ukurasa mmoja unatosha: mada kwa sentensi moja, tarehe na saa, dakika 20 za kuzungumza na 15 za maswali, watu wangapi, wa umri gani, na kama wote wanasoma au la, alete kitu gani cha kushika mkononi, nani atampokea stendi, nauli ya kwenda na kurudi atalipwa na nani na lini. Nauli mpeni anapofika, si anapoondoka, asikae akiwaza. Posho, kama ipo, itajwe kwenye barua. Kama haipo, nalo litajwe. Bahasha ya kushtukiza mbele za watu humtia mgeni aibu, na mgeni anayefuata ataiulizia.

Mfuko wa wageni uwe mbali na hisa. Wanachama 28 wakitoa shilingi 1,000 kila mwezi, mgeni mmoja kila miezi miwili anakuwa na 56,000. Toeni nauli kwanza, kisha chai, na kinachobaki ndiyo zawadi. Doti ya kanga haijawahi kumkosea mtu, ila someni jina lake kabla ya kuinunua.

Tulimwalika mzee mmoja atueleze Mikindani ya zamani. Alizungumza saa moja na nusu, watu wakasinzia, mwisho mwenyekiti akauliza "kuna maswali?" kimya. Tumkatize vipi mtu mzima bila kumvunjia heshima? (Mama wa Mikindani)

Mtu mzima hakatizwi. Mnapatana naye kabla. Mwambieni: "Baba, ukiletewa glasi ya maji, zimebaki dakika tano." Maji yapelekwe na rika lake, si binti wa miaka ishirini, na yapelekwe kweli dakika ya kumi na tano. Wengi humaliza vizuri kabisa wakijua ishara. Kwa anayependa kusoma karatasi, mpeni kipimo: ukurasa wa A4 uliochapwa kwa nafasi mbili husomwa kwa dakika mbili na nusu hivi, kwa hiyo kurasa nane ndizo dakika ishirini. Akija na ishirini na tano, mtajua kabla hajaanza.

Na mada yenyewe ilikuwa pana. Mikindani ina Boma la Wajerumani la mwaka 1895, ina habari za Livingstone aliyeondokea hapo mwaka 1866 kwa safari yake ya mwisho, ina majahazi, ina biashara ya watumwa, ina milango ya nakshi. Hizo ni mada tano. Mzee huyohuyo mwiteni tena kwa mlango mmoja, msimame mbele ya mlango wenyewe.

Kuhusu maswali: "kuna maswali?" hualika ukimya, kwa sababu wa kwanza kuuliza anaonekana mjuaji. Siku mbili kabla, wapeni wanachama watatu kazi ya kuja na swali. Mwenyekiti aanze kwa kumtaja mtu: "Mama fulani, kwenu mlango ulikuwa upande gani?" Gawa pia vikaratasi, na kwa wasioandika awepo mtu wa kunong'onezewa swali alisome kwa niaba yao. Chai isitolewe katikati ya mazungumzo. Sahani zikianza kupita, mgeni amekwisha.

Tunataka kungwi atuzungumzie unyago wa zamani. Wengine wanasema ni kuvunja miiko. (Newala)

Mwenye kujua mpaka uko wapi ni kungwi mwenyewe, basi muulizeni yeye, nyumbani kwake, watu wazima wawili tu, kabla ya kutangaza chochote. Ombeni agawe mambo matatu: yanayosemwa mbele ya yeyote, yanayosemwa mbele ya waliochezwa peke yao, na yasiyosemwa nje ya siku zake. La kwanza peke yake linajaza dakika ishirini: maandalizi ya chakula, nani hugharamia nini, mavazi ya mwali siku ya kutoka, ngoma zipi huchezwa hadharani, na jinsi likizo za shule zilivyobadili tarehe.

Akisema wanaume wasiwepo, fundi wa spika na mpiga picha ni wanaume pia. Hilo husahaulika kila mara. Simu zote ziingie kwenye kapu mlangoni. Wimbo wa unyago ukirekodiwa na kusambazwa, kungwi ndiye anayelaumiwa na wenzake, si kikundi. Na wasichana wadogo wasiletwe kwa hoja kwamba "wajifunze mapema" kama kungwi hajaridhia.

Mgeni wetu alialikwa kuzungumzia lishe ya wazee. Dakika ya kumi akafungua begi akaanza kuuza dawa za kupunguza sukari. (Masasi)

Andikeni kwenye barua: hakuna kuuza chochote ukumbini. Mwenye ukili, korosho au vitabu vyake auze nje baada ya chai, hilo halina ubaya. Dawa ni jambo jingine. Yeyote asizinunue kabla ya kuuliza hospitali, na isiyosajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba isikae mezani kwenu. Mwenyekiti ana haki ya kusimama na kusema, "Tunashukuru, sasa tuingie kwenye maswali."

Miezi ipi ni mizuri? (Nachingwea)

Mei hadi Septemba. Mvua za kwetu huanza Novemba au Desemba na kuishia Aprili au Mei, na barabara za ndani hazimngoji mgeni. Oktoba hadi Desemba watu wako kwenye korosho na minada. Msidhani msimu wa salfa, dawa ya kupulizia mikorosho, unawazuia: kupulizia hufanywa alfajiri kabla ya upepo kuamka, alasiri watu wapo. Saa tisa na nusu hadi kumi na moja na nusu inatosha, kila mtu afike kwake kabla ya giza. Angalieni tu Ramadhani, ambayo huwahi kwa siku kumi au kumi na moja kila mwaka.

Binti yangu yuko Seattle. Wanawake wa asili ya Norwei wamemwomba awazungumzie Mtwara kwa nusu saa. Ananipigia simu akiuliza aseme nini, nami sijui niseme nini. Wao wanapenda nini? (Mama wa Shangani, Mtwara)

Hongera, mama. Mwambie kwanza asidhani anakwenda kuzungumza na watu waliotoka Norwei juzi. Wengi ni wajukuu na vitukuu. Merikebu ndogo iliyoitwa Restauration iliondoka Stavanger Julai 1825 na watu 52, mtoto akazaliwa baharini, wakafika New York Oktoba. Katika miaka mia iliyofuata waliondoka watu karibu 800,000. Kwa hiyo hao ni watu wanaojua maana ya kuwa na nyumbani kwa bibi ambako hawajawahi kuishi. Mazungumzo yatakuwa kwa Kiingereza, asihangaike kutafuta maneno ya Kinorwei.

Asiwaeleze Tanzania nzima. Achague daraja moja, nasi tungechagua samaki mkavu. Kaskazini mwa Norwei, visiwa vya Lofoten, samaki aitwaye torsk huanikwa kwenye vichanja kuanzia Februari hadi Mei, bila chumvi hata punje. Baridi na upepo vinamkausha kabla hajaoza. Kwetu joto lingemwozesha kwa siku moja, ndiyo maana ng'onda hupasuliwa, hutiwa chumvi, kisha huanikwa juani. Wanawake wale watakuwa na bibi aliyeloweka samaki yule, naye binti yako ana bibi aliyeloweka ng'onda. Maswali hayatakwisha. Ila asibebe ng'onda kwenye begi, picha zinatosha.

Daraja la pili, akitaka, ni nguo: kanga na jina lake, mbele ya watu wanaojua bunad ya kila eneo. Achukue kanga nne, apitishe moja baada ya nyingine. Zikipita zote kwa pamoja kila mtu anatazama yake na hakuna anayesikiliza.

Korosho watazipenda, lakini aulize kwanza kwa mwenyeji kama yupo mwenye mzio wa korosho, karanga au njugu nyingine. Mzio wa korosho unaweza kuua. Akisafiri nazo kutoka huku ziwe zimekaangwa, na azitaje forodhani. Aulize pia saa yake ya kuingia, maana mkutano unaweza kuanza na shughuli za wanachama. Kama wamempa Mei, ajue tarehe 17 ni sikukuu yao kubwa, ya katiba iliyotiwa saini Eidsvoll mwaka 1814. Salamu moja ya siku hiyo itamfungulia mlango.

Ajiandae kwa swali la gesi. Kampuni ya Norwei ya Equinor, iliyoitwa Statoil hadi 2018, ina kitalu cha gesi baharini upande wa Lindi, na huenda mtu akalijua hilo. Jibu fupi la kile anachokijua kwa hakika, kisha arudi kwenye samaki.

Projekta tumeazima shuleni lakini hakuna anayeona kitu. (Kilwa Masoko)

Ukumbi wenye matofali ya matundu hauzibiki mwanga alasiri, hata projekta iwe mpya. Chapisheni picha sita kwa ukubwa wa A3, kila moja kwa nakala mbili, zipite safu kwa safu. Kama lazima iwe projekta, anzeni baada ya magharibi na mpange usafiri wa kurudi. Spika ijaribiwe ukumbi ukiwa na watu, kwa sababu ukumbi mtupu unavuma na ukijaa sauti inamezwa. Umeme ukikatika, mgeni asogee katikati, viti vigeuzwe duara, na aendelee. Watu 30 hawahitaji maikrofoni.